Slaidi ya Tisa

Slaidi ya tisa ilikuwa na maneno manne tu: Binadamu anasahau. Mashine haisahau.

Niliyaandika usiku wa manane katika chumba cha hosteli, nikayasoma kwa sauti mara tatu, mpaka mwenzangu wa chumba akageukia ukutani na kuniomba nizime taa. Nilizima, lakini sikulala. Mtu anayeuza kwa mdomo huijua sentensi nzuri inapofika, kama mvuvi anavyojua uzito wa samaki kabla hajamwona.

Tulikuwa watatu, tuliomaliza pamoja shahada ya kwanza. Mmoja alikuwa anaandika programu, mmoja anafungua na kufunga vifaa, na mimi ninasema. Tulikuwa tumetengeneza mfumo wa kupimia mazao kwa vyama vya ushirika vya msingi: mizani ya betri iliyounganishwa na kishikwambi, kila mkulima ana namba yake, kahawa ikishapimwa kilo zinaingia kwenye kumbukumbu na mkulima anapata ujumbe kwenye simu. Wenzangu walijenga kitu chenyewe kwa miezi kumi na minne. Kazi yangu ilikuwa kukisimamia kwa dakika ishirini mbele ya watu wenye muhuri. Sisi tuliita kupichi. Hapo nilikuwa nimeanza shahada ya uzamili ya biashara, na kila nilichofundishwa jioni nilikijaribu mchana.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa chama kimoja cha wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kabla ya kwenda, nilifanya kile ambacho kila mwalimu wa uwasilishaji anakisisitiza: nilisoma hadhira. Nilichora jedwali lenye safu tatu. Wanaoamua, wanaoshauri, wanaoweza kupinga. Mwenyekiti na wajumbe wa bodi niliwaweka safu ya kwanza. Afisa ushirika wa wilaya, safu ya pili. Safu ya tatu niliandika jina moja tu, la katibu wa chama. Ndiye aliyekuwa anaandika kilo kwenye daftari kwa miaka kumi na moja. Mfumo wetu ungechukua nafasi ya daftari lake, kwa hiyo nilihesabu kwamba hataupenda. Nilijiuliza: nitafanyaje asipate pa kushika?

Slaidi ya tisa ilikuwa jibu la swali hilo.

Wazee wa kule si watu wa kudanganywa kirahisi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 wakapata chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Maana yake ni kwamba mzee wa miaka themanini aliyekuwa kwenye kiti cha mbele siku ile alikuwa ameshaambiwa na watu wengi, kwa maneno mazuri, kwamba sasa mambo yake yatakuwa safi. Mimi nilikuwa mmoja zaidi, tena wa umri wa mjukuu wake, na projekta ya kuazima.

Tulipokewa vizuri. Ofisi ilikuwa na harufu ya magunia. Katibu, mama wa makamo aliyefunga kitenge juu ya sketi, alituletea chai na ndizi, akatuuliza kama safari ilikuwa njema, kisha akaketi pembeni na daftari la kumbukumbu za kikao. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibuni sana." Nikaanza.

Aristotle aliandika, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kwamba msemaji ana njia tatu za kumshawishi msikilizaji: tabia yake mwenyewe inayomfanya aaminike, hisia anazoziamsha kwa anayesikiliza, na hoja yenyewe. Darasani tulijibu hilo kwenye mtihani. Kwenye ofisi ile nilizitumia zote tatu kwa mpangilio. Kwanza nilisema bibi yangu naye ni mkulima, jambo ambalo ni kweli. Kisha nikaonyesha tarakimu: muda wa kupima gunia moja, gharama kwa msimu. Halafu nikasimulia habari ya mzee mmoja aliyepeleka kilo 40 na kukuta zimeandikwa 34, na ada ya shule ya mjukuu wake ikapungukia hapo hapo. Habari hiyo nayo ilikuwa ya kweli. Nilisimuliwa na mtu wa mkoa mwingine, kuhusu zao lingine. Sikusema kwamba ilitokea pale. Sikusema pia kwamba haikutokea pale.

Nikanyamaza kidogo, kama nilivyojizoeza, nikabonyeza. Slaidi ya tisa ikatokea ukutani. Binadamu anasahau. Mashine haisahau.

Mjumbe mmoja aliguna. Mwenyekiti alitikisa kichwa taratibu akimwangalia katibu, si kwa ubaya, kwa namna tu ambayo macho hutafuta mtu anayehusika. Katibu aliendelea kuandika.

Ulipofika wakati wa maswali, yule mzee wa kiti cha mbele aliinua fimbo yake kidogo. "Binti, umeme ukikatika?"

"Kuna betri, mzee wangu."

"Inakaa muda gani?"

"Saa nane bila kuchajiwa."

Akaridhika. Na nilichosema kilikuwa kweli, ndiyo maana mpaka leo kinaniwasha. Betri ilikaa saa nane. Tuliipima mara moja, kwenye meza yetu Dar es Salaam, mizani ikiwa haina kitu juu yake, hakuna mtu kwenye foleni, mtandao umejaa. Nililijua hilo. Mzee aliuliza muda, nikampa muda. Hakuuliza tulipimia wapi.

Wiki tatu baadaye mkataba ulisainiwa. Tulikula kuku na chipsi stendi ya Moshi tukicheka kwa sauti, na kwenye basi nikaanza kuandika kazi ya darasa kuhusu uwasilishaji ule ule. Nilieleza jedwali langu la safu tatu. Nilieleza namna ya kumzima mpinzani bila kumtaja. Mhadhiri alinipa A na kuandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: Umeielewa hadhira yako.

*

Simu ilipigwa mwezi wa kumi, saa tatu usiku. Haikupigwa kwenye namba ya ofisi. Ilikuwa namba nisiyoijua.

"Binti, ni mimi, mama katibu."

Nilimwamkia. Hakuitikia mara moja. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma: "Wewe ulisema mashine haisahau. Sasa mashine inasema mimi ni mwizi."

Habari nzima niliipata kwa vipande, nyingine usiku ule, nyingine nilipofika. Chama kilikuwa kinapokea kahawa Jumanne na Ijumaa. Jumatatu moja jioni umeme ulikatika na haukurudi mpaka kesho yake alasiri. Vifaa havikuchajiwa usiku ule. Jumanne asubuhi foleni ilikuwa ndefu, mtandao unakuja na kuondoka, na ilipofika saa tano mizani na kishikwambi vilizimika vyote. Watu kumi na mmoja wa mwisho walikuwa wameshapimwa, lakini hawakupata ujumbe kwenye simu zao. Katibu alifanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya: alichukua daftari lake, akawaandika wale kumi na mmoja kwa kilo alizokuwa amezisoma kwenye kioo, kisha akatoa mizani ya zamani ya kuning'iniza na kuendelea na foleni. Jioni umeme uliporudi, aliingiza daftari lote kwenye kishikwambi.

Asichokijua ni kwamba wale kumi na mmoja walikuwa wameshahifadhiwa humo ndani. Mtandao ulipokaa sawa, kishikwambi kilituma zile za asubuhi na zile za jioni. Mfumo wetu haukuuliza kama mtu huyo huyo, kwa kilo hizo hizo, siku hiyo hiyo, ameshaandikwa. Hatukuwahi kuufundisha kuuliza, kwa sababu mezani kwetu betri haikuwahi kuzimika katikati ya foleni.

Kahawa ilipochukuliwa kwenda kukobolewa, kumbukumbu zilionyesha kilo 214 zaidi ya zile zilizokuwa stoo. Bodi ikakaa. Upande mmoja kulikuwa na mashine, upande mwingine kulikuwa na binadamu. Mwenyekiti, nilikuja kuambiwa, alirudia maneno yangu neno kwa neno. Katibu akasimamishwa kazi na kutakiwa ama aeleze kahawa ilikokwenda, ama ailipe.

"Nyumbani nimewaambia naumwa," alinieleza kwenye simu. "Sijui nitaumwa mpaka lini."

Usiku ule sikulala tena, lakini kwa sababu nyingine. Kulikuwa na andiko tulilopewa darasani ambalo nililiruka kwa sababu halikuwa la mtihani. Nililifungua. Lilikuwa la Edward Tufte, profesa wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyoonyesha taarifa. Linahusu slaidi. Chombo cha anga cha Columbia kiliporushwa Januari 2003, kipande cha povu kilibanduka na kugonga bawa lake. Kikiwa bado angani, wahandisi walikutana na wakubwa wa NASA na kuwaonyesha slaidi kuhusu hatari hiyo. Kichwa cha slaidi moja kilisomeka kama habari ya kutia moyo. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kwenye kinukta cha mwisho, kulikuwa na ukweli wenyewe: kipande kilichotumika kwenye majaribio kilikuwa na ujazo wa inchi 3 za mchemraba, na kile kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na 1,920. Yaani majaribio yao hayakuhusu kabisa kilichotokea. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi duniani na wanaanga wote saba wakafa. Tume iliyochunguza ajali ile nayo ililaumu mtindo wa kutumia slaidi mahali pa ripoti kamili.

Sijilinganishi na wale. Kilo 214 za kahawa si watu saba. Lakini nilikaa kitandani nikiangalia namba zile mbili, 3 na 1,920, na nilichoona ni meza yetu ya Dar es Salaam yenye mizani tupu, na foleni ya Jumanne kwenye mlima.

*

Asubuhi tulikutana watatu. Mwandishi wa programu alifungua kumbukumbu na baada ya nusu saa akapata kosa. Hakuna aliyebisha kuhusu kosa. Tulibishana kuhusu barua.

Mwenzangu mmoja alitaka tuandike kwamba kulitokea hitilafu ndogo ya kiufundi ambayo imeshatatuliwa, na kwamba takwimu zimesahihishwa. Kulikuwa na vyama viwili vya jirani vilivyokuwa vinasubiri kuona msimu wetu wa kwanza unaishaje. "Tukisema zaidi ya hapo, tumekufa," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekopa kwa dada yake ili kununua vishikwambi.

Nilimwambia barua hiyo itasafisha mashine lakini haitamsafisha mama. Watu wa kijiji watasikia takwimu zimebadilishwa, basi. Watasema tumemwonea huruma. Mtu aliyeitwa mwizi mbele ya watu hasafishwi kwa barua iliyo kwenye faili. Nikasema pia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba slaidi ya tisa ilikuwa imemlenga yeye tangu mwanzo. Kwamba nilikuwa nimejenga chumba ambamo yeyote anayetilia shaka mashine anaonekana ana la kuficha, na nikamwacha ndani.

Walinyamaza. Mwishowe yule aliyekopa kwa dada yake akasema, "Basi nenda. Wewe ndiye unayejua kusema."

Mkutano mkuu wa wanachama ulikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule. Niliomba nafasi kwenye ajenda, nikapewa baada ya taarifa ya fedha. Sikubeba projekta. Nilibeba karatasi mbili zilizochapwa na daftari la katibu, ambalo bodi ilikuwa imelishikilia kama ushahidi. Katibu alikuwa amekaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nilikuwa nimejiandaa kwa njia zote nilizofundishwa, na zote ziliniacha nilipoona nyuso zile. Nikasema tu: "Shikamooni wazee wangu. Mwezi wa nne nilisimama mbele ya bodi yenu nikasema mashine haisahau. Leo nimekuja kuwaeleza mashine yangu ilifanya nini, na mimi nilifanya nini."

Kisha nikasoma. Mwanachama namba fulani, kilo 18.6, saa 4:38 asubuhi. Mwanachama huyo huyo, kilo 18.6, saa 12:10 jioni. Nikaomba mwenye namba hiyo asimame kama yupo. Akasimama mama mmoja mwenye kanga mabegani.

"Mama, Jumanne ile ulileta kahawa mara ngapi?"

"Mara moja. Asubuhi."

"Ulipata ujumbe mara ngapi?"

Akafikiri. "Mara mbili. Nikajua ni mtandao."

Nikaenda kwa wa pili. Naye mara moja. Wa tatu, mara moja. Kufikia wa sita ukumbi ulikuwa umeshaelewa, watu wanajibu kabla ya aliyeulizwa. Wa tisa alikuwa mzee mmoja mchangamfu, akasimama na kusema kwa sauti kubwa, "Mara mbili!" Mke wake akamvuta koti: "Wewe, ya pili uliibeba na punda gani?" Ukumbi ukacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mzee akacheka naye. "Basi mara moja," akasema, "lakini mashine ilinipenda."

Wa kumi na moja alipokaa, nikajumlisha mbele yao, kwa chaki, kwenye ubao wa shule. Ilikuja 214.

Hapo ndipo ilikuwa sehemu ya kumalizia, ile ambayo msemaji anaiita mwito wa kuchukua hatua. Nilikuwa nimeiandaa. Badala yake nikasema lile la betri: kwamba saa nane niliyoitaja ilipimwa mezani, bila foleni, na kwamba nilijua hivyo nilipoulizwa. Yule mzee wa fimbo alikuwapo. Hakusema kitu. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama anayepima kilo kwa macho, kisha akageuza kichwa kwa mwenyekiti na kusema, "Mrudishieni mama kazi yake." Hilo halikuhitaji kura, lakini walipiga.

*

Ningependa kuandika kwamba ukweli ulituletea wateja. Kwenye vitabu vya uuzaji habari kama hii huishia hivyo. Chama kilisitisha malipo yetu mpaka tutakaporekebisha mfumo, jambo ambalo ni haki yao. Kimoja cha vyama viwili vya jirani kilitujibu kwa heshima kwamba kitasubiri. Mwenyekiti wa kile kingine alikuwa amealikwa kwenye mkutano ule. Baadaye alichukua namba yangu na kusema atanipigia. Hajapiga. Mwenzangu bado anamlipa dada yake kidogo kidogo.

Sikuacha kufanya uwasilishaji. Ndiyo kazi yangu, na sidhani kushawishi watu ni dhambi. Mkulima anayestahili mizani sahihi hataipata kama hakuna mtu wa kusimama na kuisemea. Lakini lile jedwali la safu tatu silichori tena. Na kila namba ninayoitaja sasa ninaisema pamoja na mahali ilipopimiwa, hata kama sijaulizwa, hata ninapoona inapunguza moto chumbani. Inapunguza kweli.

Siku ile, baada ya mkutano, katibu alinisindikiza mpaka njia ya bodaboda. Nilitegemea atanishukuru, na ninaona aibu kuandika hivyo. Tulitembea kimya. Migomba ilikuwa inadondosha maji ya mvua ya mchana. Tulipofika barabarani akasimama.

"Siku ile ya kwanza," alisema, "ulipoweka yale maneno ukutani, mwenyekiti aliniangalia. Lakini wewe ulikuwa umeshaniangalia kabla yake."

Sikuwa na jibu. Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Ningekuwa sijakusamehe nisingekusindikiza." Akaniwekea mkononi mfuko wa ndizi mbivu. "Lakini rekebisha mashine yako. Na daftari langu silitupi."

Hakulitupa. Toleo jipya la mfumo, tunalolijaribu sasa, linauliza kabla ya kupokea kilo zinazofanana. Tunalijaribia kulekule, kwenye foleni, na yeye ndiye anayelijaribu, daftari likiwa wazi pembeni ya kishikwambi. Ijumaa iliyopita alinitumia ujumbe: betri imekaa saa nne na dakika ishirini. Nikaiandika hivyo hivyo kwenye slaidi ya tisa, pamoja na jina la siku na idadi ya watu waliokuwa kwenye foleni.